Ndugu wa Karatasi

...na huyu naye amefunga macho, mwangalie, amefunga macho kama mtoto wa nyumba anayeombewa na baba yake, Blanchard, mnunuzi wa dhahabu wa Mongbwalu, amekaa kwenye kiti cha marehemu muzee wetu, ameinamisha kichwa, mikono juu ya magoti, viatu vyake vyeupe havina hata chembe ya vumbi, mtu anavuka Bunia nzima mwezi wa kwanza bila kuchafua viatu, huyo ni mtu wa namna gani, na Pasta Jérôme ndiyo kwanza anapasha koo, "Baba Mungu, tuko mbele yako hii asubuhi, siye famille moja, damu moja," ndiyo, damu moja, na mtu ambaye juma lililopita sikujua hata jina lake, endelea Pasta, danganya vizuri, Mungu mwenyewe hajui lugha ya ofisini, hajasoma karatasi iliyo mezani mbele yangu, mimi nimeisoma, mara tatu nimeisoma, kalamu ya biki iko hapa, imelala juu ya mstari ulioandikwa Madeleine, shahidi wa pili, na wote wamefunga macho isipokuwa mimi... kaka yangu Roger anaitika "Amina" kila pasta akivuta pumzi, jasho limemtoka kwenye pua, yule akidanganya pua yake hutoa jasho tangu utotoni, mama alikuwa anamgusa pua kwa kidole kujua nani amekula sukari, na leo hakuna wa kumgusa pua, mama amekufa, muzee amekufa, na ile ofisi iliyokuwa inagusa pua za watu imeambiwa ikae pembeni... walisoma amri mpya redioni kabla ya Noeli, nilikuwa jikoni nachagua maharage, kiwanja kikiuzwa kati ya ndugu na ndugu hakipiti tena ofisi ya ardhi, hakuna ajenti kuja kupima, hakuna tangazo kubandikwa siku thelathini kwa shefu wa kartye, mkuu wa mtaa, hakuna majirani kuulizwa, ndugu wanaaminiana, alisema yule wa redioni, serikali haina haja ya kuingilia mambo ya familia, karatasi moja, mashahidi wawili wa damu, imetosha, na mimi nikapiga makofi, mimi mwenyewe, na maharage mkononi, maana nani katika mji huu hajaichukia ile ofisi, rudi kesho, rudi jumatatu, shefu hayuko, faili halionekani, nikasema sasa tumepona, nikamwita jirani aje asikie, mjinga mimi...

"...tunakushukuru Baba juu ya ndugu yetu Blanchard, mwenye alipoteaka, leo ameonekana," alipoteaka wapi, Pasta, hakupotea huyu, alitengenezwa, alitengenezwa jumanne saa sita mchana kwenye uwanja wa shule ninayofundisha, wanafunzi wa mwaka wa tatu wanatoka, Roger amesimamisha pikipiki chini ya dirisha la darasa, hakunisalimia hata, "Mado, nakuomba kitu moja tu, signature," nikasema ya nini, akasema, "Tunauzisha parcelle ya muzee kwa Blanchard, na Blanchard iko mutoto ya tantine Honorine," nikamwangalia kaka yangu mkubwa, nikasema, "Yaya Roger, tantine Honorine hakuzaaka," akasema, "Alizaa Mongbwalu, hakuna mutu anajua," nikasema, "Yaya," akasema, "Mado, papier inasema alizaa," na akacheka, na mimi nikacheka, ndiyo, hilo silisemi kwa mtu lakini hapa ndani kichwani nalisema, nilicheka, nilimcheka shangazi yangu aliyekufa, yule aliyerudishwa kwetu na mume kwa sababu tumbo lake halikushika, akarudi na sanduku moja na sufuria mbili, akalala na mimi kitanda kimoja miaka minne, mbele za watu hakulia kamwe, alikuwa anasuka nywele zangu na za kila msichana wa avenue bila kuchoka, anasema kichwa cha mtoto kinanukia mkate, angetoa macho yake yote mawili apate mtoto mmoja, hata kilema, hata mwizi, na leo Roger amempa, tantine, furahi huko uliko, amekupa mwana wa miaka arobaini mwenye viatu vyeupe na mzani wa dhahabu mfukoni... na baba mdogo Didier amekwisha kusaini, yule, hakusoma, aliuliza tu wapi, wakamwonyesha, akaweka jina lake kama mtu anayeua mbu, na sasa anasinzia pale pembeni, anaitika Amina mahali ambapo hapahitaji...

na siyo uongo mmoja, ni miwili, wa kwanza wa tantine, wa pili uko mstari wa saba, kiwanja ni kitupu, hakina mkaaji, hivyo ndivyo karatasi inavyosema, na jana Roger alipoileta kwangu Bankoko nikaona ameandika mukaji, nikachukua kalamu nyekundu, mkono wa mwalimu haulali, nikasahihisha, mkaaji, a mbili, na koma moja niliongeza, nikamwambia sasa iko safi... nilisahihisha neno nikauacha uongo umekaa pale pale, umenyooka, una koma yake, nampa mtoto wa miaka tisa sifuri kwa neno moja na mimi nimesaidia kuandika kwamba Prudence hayuko duniani, Prudence wa nyumba ya nyuma, ambaye kamba yake ya nguo naiona kutoka kwenye kiti hiki, kupitia pazia, kule nyuma ya nyumba kubwa, gauni moja la kanisani, kanga mbili, suruali tatu za shule za watoto wake zimeanikwa kufuatana kwa urefu, mkubwa, wa kati, mdogo, kiwanja kitupu chenye suruali tatu... na yeye mwenyewe ameshuka Kasenyi, kule ziwani, tangu jumapili kuchukua samaki wa chumvi, atarudi kesho, Roger anajua atarudi kesho, ndiyo maana tumekaa hapa leo, watoto wako shule, mimi nimeomba ruhusa kazini, hata mbwa amefungwa na Roger...

"...ukumbuke pia marehemu papa Fulgence, mwenye alijenga hii nyumba na jasho yake," usimtaje muzee wangu, Pasta, mtaje mwingine, muzee angekuwa hai ungekuwa umesimama nje ya lango, na simpendi Prudence, isieleweke vibaya, sijawahi kumpenda hata siku moja, harufu yake ya samaki inaingia kwenye nywele za watu, anacheka kwa sauti mahali pa msiba, ananiita yaya Mado, dada mkubwa, mbele za watu kana kwamba tulinyonya ziwa moja, yeye ni mjane wa mdogo wetu Espoir, basi, Espoir alimwoa kule Djugu bila kutuuliza, halafu vita ikaja tena, walichoma kijiji asubuhi, Espoir alirudi ndani kuchukua sijui nini, hakutoka, na Prudence akatembea na watoto watatu mpaka Bunia na godoro moja kichwani, akafika kwenye lango hili saa tisa mchana, mvua inanyesha, ninamwona, godoro limelowa, linamwagika maji usoni mwake na yeye hawezi kulitua maana mtoto mdogo amelala mgongoni, na Roger aliye langoni akasema, "Weye unatafuta nani hapa?" alimjua, alicheza ngoma kwenye arusi yake, akasema unatafuta nani, na mimi nilikuwa nyuma ya Roger, na mwavuli juu ya kichwa changu mwenyewe, muzee ndiye aliyetoka na fimbo, akamsukuma Roger kifuani, akasema, "Toka mu njia, mutoto yangu amefika," na akalichukua lile godoro yeye mwenyewe, mzee wa miaka sabini na kitu, akalibeba mpaka nyumba ya nyuma... mutoto yangu, alisema, na sisi aliotuzaa tumesimama pale, wakavu...

ndiyo hapo ilianza, si harufu ya samaki, nisijidanganye, hakuna mtu anayechukia mwenzake miaka sita kwa sababu ya samaki... au ilianza siku ya ajenti, siku ya ajenti ndiyo ilikomaa, mwaka mmoja kabla muzee hajafa, jirani amesogeza ua wake hatua mbili ndani kwetu na muzee akaita ofisi ya ardhi, tukasema hawatakuja, wakaja, alikuja mwanamke mmoja, Mama Charlotte walimwita, kofia ya jua, kamba ya kupimia begani, daftari kubwa la jalada jeusi, viatu vyake vilikuwa vyekundu kwa vumbi mpaka kwenye vifundo, akapima ua nusu siku, halafu hakuondoka, akasema, "Sasa nionyesheni batu benye banakaa hapa, mumoja mumoja," nikamwambia madame, ua umekwisha kupimwa, watu wanakuhusu nini, akaniangalia juu ya miwani, akasema, "Na weye, unakaa hapa?" nikasema, "Mi niko binti yake," akasema, "Sikuuliza weye iko nani, niliuliza unalala wapi," nikasema Bankoko, kwa bwana yangu, akafunga ukurasa kana kwamba nimemwambia hali ya hewa, hakuniandika, mimi niliyezaliwa kwenye chumba kile pale, hakuniandika, akazunguka nyuma, nikamfuata kwa hasira, Prudence amechuchumaa mlangoni anakwangua samaki, magamba mpaka kwenye nyusi, ajenti akamwuliza, "Mama, weye unakaa hapa?" na Prudence akaogopa, akasimama, akaficha kisu nyuma kama mwizi, akasema, "Niko mukimbizi tu, madame, nikiambiwa nitoke natoka," na yule ajenti akasema polepole, "Mama, sikukuuliza kama utatoka, nakuuliza hii mulango ni ya nani," na Prudence akageuka akautazama ule mlango, ndipo muzee akaja na fimbo yake, akasema, "Yake, andika, hii nyumba ya nyuma ni yake na batoto ba Espoir, hata nikikufa, andika vile nilisema," na akaandika, akasoma kwa sauti, Prudence akaweka kidole chake kwenye wino, kidole chenye magamba, likabaki gamba moja limeganda kwenye ukurasa wa serikali, linang'aa, na ajenti hakulifuta...

kumbe liko... ngoja... lile daftari liko, liko ofisini, muzee hakufanya testamenti, hakuandika wasia, lakini lile daftari liko, kama mauzo yangepita ofisi ya ardhi kama zamani, wangelifungua, wangeona ukurasa, wangekuja tena na kofia na kamba na maswali yao ya kuchosha, mama unakaa hapa, mlango huu ni wa nani, wangebandika tangazo siku thelathini na Prudence angerudi kutoka Kasenyi na beseni lake akalikuta tangazo langoni, hasomi vizuri lakini mtoto wake mkubwa anasoma, nimemfundisha mimi, ndiyo maana Blanchard hawezi kuwa mnunuzi wa kawaida, mnunuzi wa kawaida anapita ofisini, ndiyo maana lazima awe ndugu, Roger hakutafuta ndugu kwa sababu ya haraka, Roger alikuwepo siku ile, alishika upande mmoja wa ile kamba ya kupimia, anaujua ule ukurasa kuliko mimi... mimi nilidhani tunakimbia usumbufu, rudi kesho rudi jumatatu, na nilipiga makofi jikoni, kumbe usumbufu wenyewe ndio uliokuwa mlango wa Prudence, katika dunia hii yote hakuna mtu mwingine aliyewahi kumwuliza mjane yule swali lile, pasta hakumwuliza, Roger hakumwuliza, mimi mwalimu wa kuuliza maswali sikumwuliza, alimwuliza mtumishi wa serikali aliyechoka, mwenye vumbi, na sisi tulimcheka tulipofunga lango, tulimwita mama kofia...

"...na mutumishi wako mama Madeleine, Baba, umubariki, mwenye anajua kusoma, mwenye ulimuweka kuwa macho ya hii famille," ananibariki, sikia, macho ya familia, sikukuomba, Pasta, ombea macho yako, ulikunywa sucré, soda ya Blanchard, kabla ya kufungua Biblia, chupa mbili, nilikuona, na Roger ameitika kwa nguvu aliposikia jina langu, amefungua jicho moja, amenikuta natazama, akalifunga haraka... kwa nini mimi, hilo ndilo sijajiuliza tangu jumanne, kwa nini mimi, mashahidi wawili wa damu, Didier sawa, Didier angesaini hata mti, lakini wa pili angeweza kuwa Fifi, mdogo wetu, Fifi anakaa hapa hapa Saio, dakika kumi kwa miguu, mimi kutoka Bankoko nimelipa pikipiki, nilimwuliza Roger, "Fifi je?" akasema, "Fifi iko na kazi," Fifi muuguzi, leo ni siku yake ya kupumzika, najua, kila alhamisi anapumzika, Fifi angesoma mstari wa saba angesema, na Prudence anaenda wapi, angesema hivyo tu, kwa ile sauti yake ndogo, na kila kitu kingeanguka, kwa hiyo hakumwita, alinichagua mimi, hakunichagua kwa sababu najua kusoma, hakunichagua kwa sababu ya zile bati alizoniahidi kwa paa langu linalovuja... alinichagua kwa sababu alinijua, alikaa akapiga hesabu ya moyo wangu, nani katika nyumba hii anamchukia Prudence kiasi cha kutosha asiulize, akaona ni Mado, miaka sita ananitazama nikifunika pua akipita yule, miaka sita ananisikia nikisema yule mama wa samaki, na hakunikataza hata siku moja, aliiacha chuki yangu ikue kama mtu anayefuga mbuzi, sasa amekuja kuchinja, chuki niliyodhani ni yangu mwenyewe, ya kwangu binafsi, ya faraghani, kumbe ni mali, kumbe ina bei, amekwisha kuiuza pamoja na nyumba...

Roger, mbwa weye, hapana, mbwa umemfunga nje na ana heshima kukuzidi, ulinitazama mimi dada yako ukaona kifaa, na ubaya ni kwamba uliona sawa, nilikuja, nimekaa, biki nimeishika, imeshapata joto mkononi, kama pasta huyu angekuwa na maombi mafupi ningekuwa nimekwisha kusaini, ningekuwa nakunywa sucré, maombi marefu ya mtu aliyelipwa ndiyo yaliyonichelewesha, na simpendi Prudence hata sasa, sitamkumbatia, nikimwona kesho nitafunika pua tena nadhani, mtu habadiliki namna hiyo katika sala moja, lakini mtu si lazima apendwe ili alale ndani ya mlango wake, watoto wa Espoir wana paji la uso la muzee, wote watatu, na huyu mwenye viatu vyeupe ana paji la uso la watu nisiowajua, akisimama hapa uani kesho na watu wake wa kubomoa, ataitoa ile kamba ya nguo kwanza au ataiacha mwisho, atazikunja zile suruali au atazitupa... hapana, hatazigusa, sisaini, nimesema, sisaini, watanizomea, pasta atasema shetani ameingia, Roger atasema nimekula rushwa kwa mtu mwingine, baba mdogo Didier ataamka aulize wapi, na bati zangu nimezipoteza, mvua ikirudi mwezi wa tatu nitaweka mabeseni chini ya paa kama mwaka jana, sawa, niyaweke, na kutokusaini peke yake hakutoshi, Roger atatafuta mwingine mchana huu huu, atamtengeneza hata dada mwingine, aliyetengeneza binamu atashindwaje dada, lazima Prudence mwenyewe ajue leo, kabla ya kesho, kabla hawajafungua macho...

biki nairudisha juu ya mstari, simu iko kwenye mkoba, mkoba uko kwenye magoti, taratibu, zipu hii inalia, ngoja pasta apandishe sauti, "ee Baba wa mbinguuu," sasa, imefunguka, kioo nakipunguza mwanga, natafuta P, Prudence hayuko kwenye P, bila shaka hayuko, nilimweka wapi, muzee alinilazimisha niiweke namba yake siku alipolazwa, nikaiweka mbele yake, nikageuza simu asione niliandika nini... S, Samaki, ndiyo, Samaki, miaka mitatu ya namba hii na hakuna hata ujumbe mmoja, wala salamu ya Noeli wala pole ya msiba, ukurasa mweupe, aibu ina uzito wake kwenye kidole, kuandika nini, kwa jina gani, shemeki, hapana, madame, hapana... Prudence, ni yaya Mado, Roger anauzisha nyumba leo, mi sisaini, panda gari sasa hivi, upite kwanza ofisi ya ardhi uulize Mama Charlotte, umwambie akuonyeshe daftari jeusi, jina yako iko ndani, usiogope kuuliza, iko ndani, niliona kwa macho yangu, sasa kosa moja la herufi, liache, mwalimu, tuma, tuma... imekwenda, inazunguka, mtandao wa Kasenyi ni wa shida, inazunguka, imefika, mungu wangu imefika, nimeiangalia alama ile kama mtu anayeangalia mtoto akivuka barabara, nairudisha simu, mkoba naufunga, hakuna aliyefungua macho, Blanchard ameinama vile vile, Didier anakoroma kidogo, karatasi iko pale pale, mstari wangu mweupe, biki juu yake, na Pasta Jérôme hajachoka, anaingia sasa kwenye sehemu ndefu, anataja wagonjwa, anataja wasafiri, anataja wenye mamlaka, "na ulinde, Baba, bajane na bayatima ba hii famille, usiache mutu abaguse," na anayeitika Amina kwa sauti kubwa kuliko wote ni kaka yangu Roger.